Buscemi anavyojiongoza mwenyewe

Wengi wanamjua Steve Buscemi, mwigizaji wa Marekani, kwa nafasi za pembeni, kama yule mtekaji mwenye maneno mengi katika filamu ya Fargo (1996). Mwaka huohuo ilitoka Trees Lounge, filamu aliyoiandika, akaiongoza na kuicheza kama mhusika mkuu. Mzigo wa kuongoza huku anaigiza alianza kujipunguzia kwenye skripti. Tommy, mhusika anayemcheza, ni fundi magari asiye na kazi, anashinda baa ya mtaani Long Island, kisha anaendesha gari la aiskrimu, kibarua ambacho Buscemi mwenyewe aliwahi kukifanya. Sehemu kubwa ni baa moja na wanywaji walewale, kwa hiyo taa zikishapangwa, kinachohama ni kamera tu.

Tabu ya mwongozaji anayeigiza ni kwamba hajioni. Wakati wa kupanga, simamisha mtu mwenye kimo chako mahali pako, wewe utazame monita. Kisha msaidizi wa kwanza wa mwongozaji ndiye aseme “kata”. Ukisema wewe ukiwa ndani ya tukio, utaikata mapema mno, na ule ukimya baada ya sentensi ya mwisho, ambao mhariri anauhitaji kuliko maneno yenyewe, hautakuwapo.

Waongozaji wengi wa aina hii hupiga shoti za wenzao kwanza, zao mwisho. Ni adabu nzuri, lakini jua likishuka wanajipa teki moja ya haraka, yaani wanajirekodi mara moja tu, halafu kwenye uhariri wanakuta hawana uso wao ukisikiliza. Jitengee angalau teki mbili, moja ya kusema na moja ya kusikiliza tu. Na anayeshika mwendelezo, yule anayehakikisha vitu havibadiliki kati ya shoti na shoti, aandike glasi ilikuwa mkono gani na imejaa kiasi gani, maana kichwa chako kitakuwa kwingine.

Katika Interview (2007) Buscemi alipita njia nyingine. Filamu hiyo imetokana na ile ya mwongozaji Mholanzi Theo van Gogh ya 2003, na alichukua pia mtindo wake: kamera tatu kwa pamoja, moja kwake, moja kwa mwigizaji mwenzake Sienna Miller, ya tatu ikiwaona wote wawili. Hapo sura yake haingoji zamu. Gharama yake ipo kwenye mwanga, unaotakiwa kufaa pembe tatu kwa mpigo, na kwenye sauti, kwa sababu kamera inayoona wote wawili huifukuza maiki ya juu isionekane, mkabaki na zile za kufichwa kwenye nguo. Uhariri nao huwa mrefu.

Si kila mara anajiweka mbele. Animal Factory (2000) alijipa nafasi ndogo tu. Lonesome Jim (2005) hakujipa kabisa. “Pine Barrens”, kipindi cha tamthilia ya runinga The Sopranos kilichorushwa 2001 na kinachotajwa hadi leo kwa wale wawili waliopotea msituni kwenye theluji, alikiongoza tu. Kuigiza katika tamthilia hiyo kulikuja 2004.