Kwa nini baadhi ya blogu hukuletea makala nzima na nyingine kipande tu?

Unafungua programu yako ya kusomea blogu, unakuta vichwa vipya vimejipanga. Unagusa cha kwanza: makala yote ipo, mwanzo hadi mwisho, pamoja na picha. Unagusa cha pili: mistari mitatu, sentensi imekatika njiani, halafu nukta tatu na kiungo cha kukupeleka kwenye tovuti. Programu ni ileile na intaneti ni ileile. Tofauti imetoka wapi?

Imetoka kwa mwenye blogu. Mbali na kurasa tunazoziona, blogu nyingi huwa na faili iliyoandikwa kwa ajili ya mashine, iitwayo mlisho. Humo kuna kichwa, tarehe, kiungo na maandishi ya makala za karibuni. Programu yako hupita kila baada ya muda kuuliza kama kuna jipya, na kwa kawaida inachokikuta humo ndicho inachokuonyesha. Mwandishi akiweka kipande, nawe utapata kipande.

Chanzo cha mgawanyiko huu ni cha zamani. RSS, aina ya mlisho iliyoenea zaidi, ilianzia katika kampuni ya Netscape mwaka 1999. Ilikusudiwa kukusanya vichwa vya habari vya tovuti mbalimbali kwenye ukurasa mmoja, basi. Toleo la 0.91 la mwaka huohuo liliyawekea maelezo ukomo wa herufi 500. Ukomo huo ulipoondolewa katika toleo la 0.92, mwishoni mwa mwaka 2000, wanablogu wakaanza kumimina makala nzima katika nafasi iliyotengewa maelezo mafupi. Nafasi moja ikawa inabeba mizigo miwili, na programu haikuwa na njia ya kujua kama ilichopokea ni muhtasari au makala yenyewe. Baadaye RSS ikapata kiongezo cha kubebea makala kamili, na Atom, aina nyingine ya mlisho iliyokamilishwa mwaka 2005, ikazitenganisha kabisa: muhtasari mahali pake, makala mahali pake.

Leo uamuzi unafanywa kwa kubofya mara moja. Kwenye WordPress, programu inayotumiwa kuendeshea blogu nyingi, mipangilio ya usomaji inakupa chaguo mbili: mlisho ubebe makala kamili au dondoo. Ukichagua dondoo na hukuiandika mwenyewe, mashine huhesabu maneno 55 ya mwanzo na kukata hapohapo. Haijali umefika wapi. Mwandishi aliyeanza kwa kuwaomba radhi wasomaji wake kwa kukaa kimya muda mrefu, maneno 55 yanakwisha kabla hajagusa mada, na msomaji anapita bila kujua alichokosa. Hilo huniuma kila ninapoliona, kwa sababu mara nyingi chini yake kuna kazi nzuri.

Wanaokata wana sababu zao. Matangazo huonekana msomaji anapofika kwenye tovuti, na hapo ndipo idadi ya wageni huhesabiwa na mjadala huendelea. Wengine wanahofia wizi, maana zipo tovuti zinazochota milisho ya watu na kuichapisha upya bila kuguswa na mkono wa binadamu. Hoja hii ya mwisho naiona dhaifu. Anayeiba kwa mashine anaweza kuisomesha mashine hiyohiyo ukurasa wenyewe, kwa hiyo anayebaki kuumia ni msomaji mwaminifu aliyepakua makala asubuhi ili azisome akiwa safarini pasipo mtandao. Akigusa kiungo, hakifunguki.

Lakini kuna jambo ambalo mijadala mingi hulichanganya. Programu binafsi, unayosomea peke yako, si sawa na tovuti kusanyaji inayopanga makala za watu wengi mbele ya umma. Kwenye programu binafsi, makala kamili ni heshima kwa msomaji. Kwenye tovuti kusanyaji, maandishi yako yanasomwa nyumbani kwa mwingine, na hata injini ya utafutaji inaweza kuitanguliza nakala ile kuliko asili. Mahali kama Planet Debian, tovuti kusanyaji ya mradi wa programu huria wa Debian, ambako wachangiaji wa mradi huo huiingiza milisho yao wenyewe, hakuna aliyedhulumiwa makala ikitokea nzima. Pale ambapo mwandishi hakuulizwa, naamini mkusanyaji anapaswa kuonyesha mistari michache, jina la mwandishi na kiungo, hata kama mlisho umebeba kila neno. Mlisho kuwa wazi kwa wasomaji hakumaanishi ruhusa ya kuchapisha upya.

Na ukiamua kubaki na dondoo, usiiachie mashine. WordPress ina kisanduku cha kuandikia dondoo kwa kila makala, na ukikijaza, yale maneno 55 hayatumiki tena. Sentensi mbili zinatosha: umeuliza nini, na umegundua nini.