Je, wajua ni kwa nini hesabu ya kichwani hupotea ikifika kwenye karatasi?

Mchuuzi wa samaki pale gatini Lamu akiulizwa bei ya changu wa kilo tatu na robo, kilo moja ikiwa shilingi 450, hahitaji kikokotoo. Kilo mbili ni mia tisa. Ya tatu inafanya elfu moja mia tatu na hamsini. Nusu kilo ni mia mbili ishirini na tano, basi robo ni mia moja kumi na mbili na thumni. "Lete elfu moja mia nne na sitini," asema, na muda wote huo mikono yake inapaa samaki wa mteja mwingine.

Mtu huyo huyo akiketi jioni kwenye darasa la ngumbaru, ubaoni pakaandikwa 450 × 3.25, yamkini akatoka na 14,625, au akaweka kalamu chini na kusema hajui hesabu. Kichwa ni kile kile na samaki ni yule yule. Imekuwaje?

Jibu linalotujia wengi wetu upesi ni kwamba hesabu haijui kweli. Pale gatini anabahatisha kwa mazoea, na karatasi ndiyo iliyomfichua. Fikra hii imeenea kuliko tunavyokiri. Ndiyo inayofanya mtu wa miaka hamsini, aliyeendesha biashara na kulea watoto, aanzishwe na a, e, i, o, u na picha ya embe. Ndiyo inayomfanya yeye mwenyewe ajiite mjinga mbele ya mwalimu aliye rika la mwanawe. Na ndugu yake ni ile fikra nyingine, kwamba hata angefundishwa, wakati umekwisha kupita. Hapo utasikia "samaki mkunje angali mbichi", methali ya malezi ya mtoto iliyogeuzwa kuwa hukumu juu ya ubongo wa mtu mzima.

Fikra zote mbili zina makosa, na tuanze na hiyo ya pili kwa kuwa haichukui muda. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 katika shule ya msingi iliyo Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, na akasoma. Ukitaka ushahidi mpana kuliko wa mtu mmoja, mwaka 2010 mtafiti wa ubongo Stanislas Dehaene na wenzake walitoa matokeo ya kupiga picha ubongo wa watu wazima 63 wa Brazili na Ureno. Miongoni mwao walikuwamo wasiosoma kabisa, waliosoma utotoni, na 22 waliojifunza kusoma ukubwani. Sehemu ya ubongo inayotambua maandishi ilikuwa imeamka hata kwa hao waliochelewa. Mlango haufungwi. Kinachobadilika ni mwendo, na hilo tutalirudia.

Fikra ya kwanza ndiyo yenye ajabu yake.

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti waliofanya Recife, Brazili. Walikwenda kwa watoto wanaouza bidhaa barabarani wakajifanya wateja: madafu mangapi, bei gani, chenji yangu kiasi gani? Majibu yalikuwa sahihi kwa asilimia 98. Kisha wakawapa watoto hao hao hesabu zile zile kwa karatasi na kalamu, namba tupu. Usahihi ukashuka hadi asilimia 37. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa barabarani bei ya nazi nne, moja ikiwa 35. Akajumlisha: tatu ni 105, ongeza thelathini, 135, malizia, 140. Alipopewa 35 mara 4 kwenye karatasi akasema: nne mara tano ishirini, natunza mbili, mbili na tatu ni tano, mara nne ishirini. Akaandika 200.

Tazama kosa hilo kwa karibu. Mtoto hakusahau kuzidisha. Alikumbuka kanuni ya shule nusu nusu: alijumlisha ile mbili aliyoitunza kabla ya kuzidisha, badala ya baada. Na 200 haikumshtua, ingawa yeye ndiye aliyesema 140. Barabarani alikuwa akishika nazi na pesa, na kila hatua ilikuwa kiasi cha kitu anachokijua. Kwenye karatasi alikuwa akisogeza tarakimu, na tarakimu haina harufu ya nazi. Njia ni mbili, na hazikuwa zimekutana.

Mtu atasema hao walikuwa watoto watano tu, na ni kweli. Lakini mwanaanthropolojia Jean Lave alipowafuata watu wazima wa California wakinunua vyakula dukani, watu waliosoma shule miaka mingi, alikuta wakilinganisha bei kwa usahihi wa asilimia 98, na katika mtihani wa hesabu za aina hiyo wakipata asilimia 59. Kwa hiyo haya si ya wasiosoma peke yao. Ujuzi hukaa pale ulipojifunziwa, na hauhami wenyewe.

Ili kuelewa kwa nini hauhami, mfikirie nahodha wa Lamu anayepita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, njia ya kwenda Pate, Siyu na Faza. Anajua ni mkoko upi akiufikia ageuze usukani, ni rangi gani ya maji yenye mchanga chini, na siku ya bamvua asubiri hadi saa ngapi. Sasa mpe ramani ya baharini ya mahali hapo. Kaskazini imewekwa juu, ingawa yeye hajawahi kuuona Mkanda kutoka juu. Vina vimeandikwa kwa mita, na vimepimwa kwa maji yakiwa yametoka kabisa, wakati ambao yeye hapiti. Ule mkoko wake haumo. Kila kilichomo kwenye ramani ni kweli, na kila anachokijua nahodha ni kweli, lakini alama anazozitumia hazikuchorwa, na zilizochorwa hajawahi kuzihitaji.

Ukimwambia hajui Mkanda, utakuwa umesema uongo. Ukimwachia ramani aisome peke yake, ataikunja na kuiweka. Kinachofaa ni mtu anayeijua ramani apande chomboni naye, na wakifika kwenye kona amwonyeshe: hapa tulipo ndipo hapa. Hii moja iliyoandikwa ni mita moja maji yakitoka. Chombo chako kinazama kiasi gani kikiwa na shehena? Hapo nahodha anaanza kuisahihisha ramani kwa macho yake, na kuyasahihisha macho kwa ramani. Baadaye itampa kitu ambacho mkoko haukuweza kumpa: njia ya mahali asipowahi kufika.

Hiyo ndiyo sababu karatasi inastahili kujifunzwa, hata kwa yule mchuuzi ambaye kichwa chake hakimtupi. Kujumlisha kidogo kidogo kunatosha kwa kilo tatu na robo. Hakutoshi kwa riba ya mkopo wa miezi kumi na minane, wala kwa kujua kama mnunuzi wa kamba anayeandika oda ya mwezi mzima amemlipa sawasawa.

Lamu ina jambo jingine linalofanya neno "asiyejua kusoma" kuwa gumu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 uliwapima watu wazima wa Kenya, ukakuta asilimia 61.5 wanajua kusoma na kuandika. Waliobaki ni mamilioni. Lakini mzee wa mitaa ya Langoni au Mkomani aliyepita chuoni utotoni, yaani chuo cha Kurani, anajua alifu, be, te. Anausoma msahafu. Na katika mji huu Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi, kuanzia barua za biashara hadi tenzi. Kumhesabu mtu huyo kuwa sawa na asiyejua herufi yoyote ni kutupa akiba.

Akiba ya nini hasa? Mwaka 1979 José Morais na wenzake walionyesha, kwa watu wazima wa Ureno, kwamba wasiojifunza kusoma hupata shida kubwa kuondoa sauti ya kwanza ya neno, yaani kutoka kwenye "kamba" kubaki na "amba". Kukata usemi vipande vya sauti si jambo la kuzaliwa nalo. Huja pamoja na herufi. Mzee anayejua kwamba be yenye fataha ni "ba" amekwisha kuvuka hapo. Kilichobaki ni maumbo mapya na mwelekeo mpya, kutoka kushoto. Hapa pana tahadhari: kuna waliohifadhi sura kwa kusikia wakawa wanafuata mstari kwa kidole bila kuunganisha herufi. Mwalimu hana budi kuuliza na kusikiliza kwanza.

Sylvia Scribner na Michael Cole walilichunguza jambo la karibu sana na hili nchini Liberia, kwa Wavai, wakalichapisha mwaka 1981. Wavai walikuwa na kusoma kwa aina tatu: Kiingereza cha shule, Kiarabu cha chuo, na hati yao wenyewe iliyobuniwa katika karne ya 19. Swali lilikuwa kama kusoma kwa aina yoyote hunoa akili yote. Haikuwa hivyo. Waliopita chuoni waliwashinda wenzao katika kukumbuka orodha inayoongezwa neno moja moja kwa mpango. Walioandikiana barua kwa hati ya Kivai walikuwa hodari kumweleza mchezo mtu asiyeuona, kama anavyofanya mwandishi wa barua. Waliosoma shule walikuwa hodari zaidi kueleza sababu za majibu yao. Kila kisomo kilinoa kile kilichotumiwa kukifanya. Lamu si Vai, na sitadai kwamba matokeo yangekuwa yale yale hapa, ila ni vigumu kuyasoma bila kuwafikiria wazee wetu.

Na hati hiyo ya Kivai haikuwa na shule. Mtu alimwendea rafiki au jamaa anayeijua, wakaketi wawili. Hapa ndipo mlezi anapoingia, na kwa watu wa pwani wazo hili si geni: ndivyo fundi na mwanagenzi walivyokaa siku zote. Lave, aliyekaa na washonaji wa Liberia, aligundua kwamba mwanagenzi hakuanza na kukata kitambaa. Alianza na vifungo na pindo, kazi ya mwisho ya vazi, kisha kushona, na kukata kukaja nyuma kabisa. Sababu ni wazi ukiifikiri. Kosa la kifungo hufumuliwa, kosa la mkasi limemaliza kitambaa. Na anayeanza na pindo ameliona vazi zima kabla ya kulikata.

Kisomo cha mtu mzima kinaweza kufuata mpango huo huo, na ujumbe wa M-Pesa unafaa sana kwa mwanzo, kwa sababu msomaji anajua tayari unasema nini. Tuseme binti aliyemaliza kidato cha nne ameketi na ami yake barazani.

"Ami, hapa pameandikwa saa ngapi?"

"Saba na kumi na tano."

"Na pesa ulizituma saa ngapi?"

"Saa moja na robo, isha haijaadhiniwa. Basi simu imekosea?"

"Haijakosea, ami. Toa sita."

Kimya kidogo, kisha ami anafungua ujumbe mwingine wa usiku, na mwingine, akitoa sita kila mara. Amefanya hesabu ya kutoa juu ya jambo lake mwenyewe, na majibu anayajua kwa kuwa aliyaishi. Baada ya hapo ataona kwamba salio limepungua kwa zaidi ya alichotuma, atafute ada iko wapi, na atajua kuutambua ujumbe wa matapeli usioongeza chochote kwenye salio. Jina la mpokeaji, ambalo analijua, litampa herufi zake za kwanza.

Njia hii ina udhaifu wake, tena wa kila siku: msaidizi kuishika simu mwenyewe kwa sababu ni haraka. Binti mwema akituma pesa za ami kwa niaba yake mwaka mzima, ami hatakuwa amejifunza kitu. Na mapenzi hayatoshi. Binti anahitaji mtu wa kumwonyesha namna ya kungoja, na mahali pa kuuliza anapokwama. Kisha kuna ule mwendo. Wengi wanaojifunza ukubwani husoma polepole, herufi kwa herufi, na mwisho wa sentensi unapofika mwanzo wake umekwisha kupotea. Dawa inayojulikana ni kusoma kingi, kila siku, na hicho ni kitu ambacho kozi ya wiki chache haikitoi.

Umoja wa Ulaya, ambao nao una mamilioni ya watu wazima wenye ujuzi mdogo wa msingi, ulipendekeza mwaka 2016 kwamba nchi zake zianze na kupima kile mtu anachokijua tayari, kisha afundishwe kilichopungua, kisha ujuzi wake utambuliwe rasmi. Kenya ina kipande cha mwisho kwa mafundi: mitihani ya ufundi ya serikali, gredi ya tatu hadi ya kwanza, ambayo mwashi au seremala aliyejifunza kazini anaweza kuifanya. Kipande cha kwanza, kuuliza mtu anajua nini kabla ya kumfundisha, hakihitaji jengo wala bajeti kubwa. Kinahitaji daftari la mahudhurio lenye safu moja zaidi: amepita chuoni, anauza nini, anapima kwa nini, simu yake ina lugha gani.

Na kwa Lamu kinahitaji kalenda nyingine. Wakati wa kaskazi wavuvi huenda baharini, na darasa la jioni hubaki na viti. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, vyombo vingi hulala na watu wako barazani. Miezi hiyo ya kusi ndiyo ya kukaa na daftari kwa muda mrefu. Kaskazi ikirudi, mlezi na mwanafunzi wake wanaweza kubaki na ujumbe mmoja wa simu kwa siku, usomwe kwa sauti kabla ya kufutwa.