Hapana, soseji haijatiwa sabuni ya kuta

Ule ujumbe wa WhatsApp umerudi tena. Safari hii kaniletea shangazi, wenye herufi kubwa na alama za hatari: eti soseji zina E339 (hizi namba za E ni za viongezwa vya chakula), "dawa ya kusugulia kuta kabla ya kupaka rangi". Jamani!

Tuanze na kilicho kweli. Trisodiamu fosfeti hutumika kusafishia kuta. Lakini E339 ni kundi la fosfeti za sodiamu, yaani chumvi zenye fosforasi, na hiyo ni mojawapo tu. Kwenye soseji mara nyingi utakuta fosfeti nyingine, E450 au E451. Ukali wa ile ya ukutani ni wa alkali: myeyusho wa asilimia 1 una pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu 12. Ukiitia kidogo kwenye nyama, ukali huo unazimwa, na kinachobaki ni sodiamu na fosfeti, ileile iliyojaa mifupani mwako. Magadi nayo hung'oa mafuta kwenye sufuria, na bado tunayatia kwenye maharage bila mtu kupiga kelele. Tofauti ya maana ni usafi: fosfeti ya chakula ina viwango vya mwisho vya risasi, aseniki na floridi. Ya duka la rangi haina, basi iacheni hukohuko.

Kazi ya fosfeti kwenye soseji? Hufungua protini za nyama zishike maji na mafuta. Kwenye beking pauda, fosfeti za aina nyingine ndizo asidi inayoamsha bikaboneti. Basi.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wa upande wa pili, wanaosema "fosforasi ni fosforasi, hata maharage yanayo". Hapana! Ya maharage imefungwa kwenye fitati, kiwanja cha kwenye mbegu ambacho tumbo letu halikivunji vizuri, na sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Ya kuongezwa huyeyuka na sehemu yake kubwa inaingia kwenye damu. Na lebo hukutajia jina lake tu, kiasi hakitajwi.

Mwaka 2019 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, iliweka kikomo cha miligramu 40 za fosforasi kwa kilo ya uzito kwa siku, kutoka vyakula vyote. Kwa mtoto wa kilo 20, kikomo ni miligramu 800. Sheria ya Ulaya huruhusu hadi gramu 5 za fosfeti, kwa hesabu ya P2O5 (fosforasi pamoja na oksijeni yake), katika kilo ya bidhaa nyingi za nyama; gramu 100 za soseji iliyofika hapo zinampa kama miligramu 220 za fosforasi kutoka fosfeti ya kuongezwa peke yake. Soseji moja moja haimdhuru, ila akila kila asubuhi, halafu jibini ya kusindika, halafu soda nyeusi, mimi mwenyewe nahema. Kuhusu moyo wa mtu mzima mwenye afya, tafiti zinaonyesha uhusiano, lakini uhusiano si chanzo, na wataalamu bado tunabishana.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa viwandani hatupendi kulisema: fosfeti ikizidi, mteja ananunua maji kwa bei ya nyama.

Kikomo kile, EFSA yenyewe imesema, hakimhusu mtu ambaye figo zake zimepungua nguvu kwa kiasi cha kati au zaidi. Ukiwa na mgonjwa wa figo nyumbani, tafuta kwenye lebo neno lolote lenye "fosfeti" au "phosphate", pamoja na E338 hadi E341, E343, na E450 hadi E452. Ukiliona, rudisha pakiti rafuni.