Kompoziti ya faibaglasi na povu ni kitu gani hasa

Ukimwambia mtu unajenga ndege kwa povu anakuangalia mara mbili, na namuelewa kabisa, maana lile povu ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Sasa kitu kinachobonyea kwa kidole kitabebaje watu angani? Jibu ndo hilo neno kompoziti.

Kompoziti ni vitu tofauti vilivyounganishwa vikafanya kazi kama kitu kimoja, lakini kila kimoja kinabaki na kazi yake. Kwenye ndege ya kujijengea viko vitatu: kitambaa cha nyuzi za kioo (ndo faibaglasi yenyewe), resini ya epoksi (gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu), na povu. Nyuzi ndo zenye nguvu. Ila nyuzi ukizivuta zinakaza, ukizisukuma zinakunjamana kama uzi wowote ule, kwa hiyo epoksi inakuja kuzishika zisikunjamane na kugawa mzigo toka uzi huu kwenda ule. Kitambaa kikishakauka na epoksi tunakiita ngozi, na povu lenyewe kazi yake ni kuiweka ngozi ya juu mbali na ngozi ya chini.

Huo umbali ndo siri yote. Chukua bawa likiwa angani, hewa inalisukuma ncha ziende juu, ngozi ya juu inabanwa na ya chini inavutwa, na kadiri zinavyokaa mbalimbali ndivyo bawa linavyokuwa gumu kupinda, na povu katikati linazizuia zisiteleze wala kujikunja na uzito wake ni kidogo mno. Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Marekani, aliwafungulia watu wengi njia hii na ndege yake ya VariEze ya mwaka 1975, halafu Long-EZ, kwa sababu hakuhitaji kalibu: unakata povu kwa waya wa moto mpaka lipate umbo la bawa, unalivalisha kitambaa juu yake, basi. (Waya wa moto ni kwa povu la polistireni tu, lile la yurethani likiungua linatoa moshi wa sumu kali, usijaribu hata kidogo. Na polistireni haipatani na resini ya poliesta wala petroli, inayeyuka.)

Kazi ya mkono sasa, hapa ndo mtu anajifunza kweli. Unaanza kwa kupaka povu uji wa epoksi uliochanganywa na vile vipunje vidogo vya kioo vyenye uwazi ndani, ili vitundu vya povu vizibe visinywe resini bure. Unatandika kitambaa, kikiwa cheupe, unamwaga epoksi, na kinavyolowa weupe unapotea mpaka unaliona povu chini yake. Palipobaki peupe pana hewa, na hewa haibebi mzigo. Halafu unachukua kipande cha plastiki unakwangua resini ya ziada, unaitoa, unaitoa tena. Wanaoanza wote, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, tunadhani resini nyingi ni nguvu nyingi, kumbe ni uzito tu. Ukiona uso unang'aa kama dimbwi ujue bado, unatakiwa uone mfumo wa nyuzi umejichora vizuri juu. Pima kwa mizani, uzito wa resini usizidi wa kitambaa.

Mwelekeo wa nyuzi nao usipuuze, uzi una nguvu kule unakoelekea tu. Zinazozuia bawa kupinda zinalala kwa urefu wa bawa, zinazozuia kujisokota zinakaa kwa nyuzi 45 (hizi ni za pembe, si za kitambaa). Glavu tangu siku ya kwanza, epoksi ikishakuletea mzio haurudi nyuma. Na usichanganye nyingi kwenye kikombe kimoja, inajipasha moto yenyewe mpaka inafuka moshi.

Kabla hujagusa bawa tengeneza kipande cha majaribio, kiache kikauke sawasawa, halafu kibandue ngozi kwa nguvu. Cha kwanza changu kilibanduka kisafi, upande wa ndani laini kabisa, yaani gundi haikushika. Cha tatu kilinitoa jasho, na kilipoachia kilikuja na povu limeng'ang'ania ngozi nzima, povu lenyewe ndo lilikuwa limeraruka.