Matokeo yametoka, chuo kiko ng'ambo: mahali karatasi zinapokwama

Kila matokeo ya kumaliza sekondari yanapotangazwa, foleni kwenye madirisha ya uhakiki wa vyeti hurefuka, na msimu huu malalamiko nayo yameongezeka. Mengi yanafanana: kijana amefaulu, chuo cha nje kimempokea, ada ya mwanzo imelipwa, lakini viza imenyimwa au imechelewa hadi masomo yameanza bila yeye. Jalada likifunguliwa, alama huwa hazina neno. Linaloonekana ni jina lililoandikwa kwa namna mbili, tarehe iliyokwisha pita, au muhuri uliotangulia mahali ulipotakiwa kufuata. Masharti ya viza hubadilika, wakati mwingine katikati ya mwaka, kwa hiyo yaliyomo humu yalinganishwe na tovuti rasmi ya nchi unayokwenda siku ile ile unapojaza ombi.

Jina moja, herufi kwa herufi

Fungua pasipoti kwenye ukurasa wa picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja una nafasi 44, na nafasi tupu zimejazwa alama ya <. Mstari wa juu ndio unaobeba jina: baada ya msimbo wa nchi huja jina la ukoo, kisha alama mbili za <, kisha majina mengine. Mashine za uwanja wa ndege husoma hapo, na fomu ya viza pamoja na tiketi ya ndege hufuata majina hayo hayo. Sasa weka cheti cha mtihani pembeni yake. Kama pasipoti inasema Mohamed na cheti kinasema Muhammad, au cheti kina majina matatu na pasipoti ina mawili, hizo ni nyaraka za watu wawili mpaka uthibitishe vinginevyo. Wazazi husema, "Lakini kila mtu anajua ni yule yule." Afisa wa viza hamjui mtoto wako. Anachokijua ni karatasi iliyo mbele yake.

Kama pasipoti bado haijaombwa, iombwe kwa majina yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye usajili wa mtihani. Kosa likiwa kwenye cheti cha mtihani, baraza la mitihani liandikiwe kupitia shule ulikofanyia mtihani, barua ikiambatishwa nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kwa kawaida baraza husahihisha kosa la uchapaji. Halibadili jina kwa sababu mtahiniwa amependa lingine baadaye. Aliyebadili jina kisheria aambatishe hati ya kubadili jina. Kiapo cha mbele ya wakili kinaeleza tofauti, hakiifuti, na si kila chuo au ubalozi utakikubali kikiwa peke yake. Kazi hii ifanywe wakati matokeo yanasubiriwa. Ukingoja yatoke, utapanga foleni moja na wote walioona makosa yao siku hiyo hiyo.

Slipu si cheti, na picha ya simu si slipu

Slipu ya matokeo ni hati ya muda. Chuo hutosheka nayo kukupa barua ya udahili yenye masharti, yaani nafasi unayo, lakini lazima ulete cheti kamili kabla ya tarehe fulani. Soma masharti hayo mstari kwa mstari, kwa sababu barua yenye masharti mara nyingi haitoshi kuombea viza. Picha ya matokeo iliyopigwa kwenye simu haina hadhi yoyote popote.

Vyuo vingi hutaka matokeo yatoke kwa baraza la mitihani moja kwa moja, ama kwa mfumo wa mtandao, ama kwa bahasha yenye lakiri. Bahasha hiyo ikipitia mikononi mwako, usiifungue. Ikifunguliwa hata kwa kuangalia tu kama alama zimeandikwa sawa, imekwisha kazi yake, na utaomba nyingine kwa ada nyingine na muda mwingine.

Jambo moja tunaliomba kwa msisitizo: cheti kisipigwe lamineshen. Tunaelewa nia, kwamba kisilowe wala kisichakae. Lakini muhuri wa mkandamizo, ule unaousikia ukipitisha kidole juu yake, hulazwa na plastiki ya moto na hausikiki tena. Mhakiki anayekishika hawezi kutofautisha cheti halisi na nakala nzuri ya rangi. Wino wa mhuri mpya haushiki juu ya plastiki, na gundi ya hati ya uthibitisho nayo haishiki. Ukijaribu kuibandua, huondoka na tabaka la juu la karatasi pamoja na maandishi. Cheti kikae ndani ya mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja, ndani ya jalada gumu, basi.

Apostili inathibitisha nini

Apostili ni cheti kidogo kinachobandikwa juu ya hati ya umma au kuunganishwa nayo, chini ya Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Umbo lake ni mraba wenye pande zisizopungua sentimita 9, una vipengele 10 vyenye namba, na kichwa chake huandikwa kwa Kifaransa. Hutolewa na mamlaka iliyotajwa na nchi ilikotoka hati, siyo na nchi unayokwenda. China iliingia kwenye utaratibu huu tarehe 7 Novemba 2023 na Kanada tarehe 11 Januari 2024, hivyo maelekezo ya zamani kuhusu nchi hizo mbili yasifuatwe tena.

Tunarudia kila mwaka, na tunalazimika kurudia: apostili haithibitishi kwamba umefaulu. Inathibitisha saini iliyo kwenye hati, cheo cha aliyesaini, na muhuri uliopigwa. Basi. Kukubaliwa kwa alama zako ni uamuzi wa chuo, na hakuna muhuri wa serikali yoyote unaoweza kukilazimisha.

Kama nchi yako au unakokwenda haimo kwenye mkataba, njia ni ndefu zaidi. Kwa kawaida huanzia kwa aliyetoa cheti, hupita wizara ya elimu, kisha wizara ya mambo ya nje, na kuishia ubalozi wa nchi unayokwenda. Hatua hizi hazirukwi, kwa sababu kila ofisi huthibitisha saini ya ofisi iliyotangulia, ambayo sampuli yake inayo kwenye faili. Mtu akienda ubalozini moja kwa moja na cheti kitupu, ubalozi hauna cha kulinganisha. Anayehitaji tafsiri, na aitafute mwishoni, baada ya mihuri yote. Ukitafsiri mapema, mihuri itakayofuata itabaki bila tafsiri na utamlipa mfasiri mara ya pili.

Kila nchi na mlango wake

Marekani. Chuo kilichoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni hukupa fomu I-20, yaani hati ya kuthibitisha kwamba kimekupokea. Juu yake kuna namba ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni; namba hiyo ni herufi N ikifuatiwa na tarakimu 10. Kwa namba hiyo unalipa ada ya I-901, ambayo kwa mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, ni dola 350, unachapisha risiti, unajaza fomu DS-160 ya ombi la viza, ndipo unakwenda kwenye usaili. Ukiwa na I-20 za vyuo viwili, amua kwanza ni kipi unakwenda, kisha tumia moja tu kwenye malipo na usaili. Viza inaweza kutoka mapema, lakini huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20. Tarehe hiyo ikipita ukiwa bado nyumbani, chuo ndicho cha kuisogeza; kupanda ndege na I-20 iliyopitwa ni kujipeleka kwenye chumba cha mahojiano.

Uingereza. Hapa chuo hukupa namba iitwayo CAS, uthibitisho kwamba kimekupokea. Ina uhai wa miezi 6 na hutumika mara moja, kwa hiyo ombi likikataliwa utahitaji nyingine. Ombi la kutoka nje ya nchi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya masomo. Aliye chini ya miaka 18 aambatishe barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, au ushahidi kwamba mmoja ndiye mwenye malezi peke yake. Baadhi ya wahitimu wa sekondari wana miaka 17, na barua hii husahaulika.

Fedha ndizo zinazoangusha wengi. Kiasi kinachotakiwa lazima kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isizidi siku 31 kabla ya tarehe ya ombi. Maana ya mfululizo ni hii: fedha zikiingia tarehe 1 na salio likashuka chini ya kiwango tarehe 20, hata kwa saa chache kwa sababu mzazi alitoa kidogo akairudisha kesho yake, siku 19 za mwanzo zimepotea na hesabu inaanza upya. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi au mlezi wa kisheria. Mjomba anaweza kuwa ndiye mlipaji halisi, na hilo ni jema, lakini akaunti yake haikubaliki kwa kuwa ni mjomba; ahamishe fedha mapema kwenye akaunti ya mwanafunzi zikae siku zake. Ikitumika akaunti ya mzazi, weka cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha uhusiano na barua ya ridhaa ya mzazi huyo.

Kanada. Tangu Januari 2024 waombaji wengi wa shahada ya kwanza huhitaji barua ya uthibitisho ya jimbo pamoja na barua ya udahili. Na tangu tarehe 1 Desemba 2023 idara ya uhamiaji hukiuliza chuo chenyewe kama kweli kilitoa barua ya udahili, nacho kina siku 10 za kujibu. Utaratibu huu ulikuja baada ya mwaka 2023 kubainika kwamba wanafunzi waliokuwa tayari nchini, wengi wao kutoka India, walikuwa wameingia kwa barua bandia za udahili walizopewa na mawakala.

Ujerumani. Wengi hufikiri cheti cha sekondari kinatosha popote. Huko, vyeti vya nchi nyingi havifungui mlango wa chuo kikuu moja kwa moja: mwanafunzi husoma kwanza Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi, kwa kawaida mihula miwili, na kufanya mtihani wa kupimwa. Angalia anabin, hifadhidata ya Kijerumani inayoonyesha vyeti vya kigeni vinatambuliwaje, kabla ya kulipa chochote. Akaunti iliyozuiliwa, ile ya kuonyesha una fedha za kujikimu, tangu Septemba 2024 huwekwa yuro 11,904 kwa mwaka, na unatoa 992 kwa mwezi. Huwezi kutoa zaidi hata ukiwa na shida ya kweli, kwa hiyo amana ya nyumba itoke kwenye fungu lingine.

Adhabu, na kwa nini wakala hazipati yeye

Hati bandia au maelezo ya uongo kwenye ombi la viza yana adhabu zilizoandikwa. Marekani humzuia mtu kuingia maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Uingereza inaweza kumfungia miaka 10. Kanada ni miaka 5. Australia ni miaka 3 kwa hati ya uongo, na 10 kwa udanganyifu wa utambulisho. Nchi hizi hupeana taarifa, na fomu nyingi huuliza kama umewahi kunyimwa viza popote. Kuficha hilo ni kosa jingine jipya.

Zingatieni, wazazi: adhabu humfuata aliyesaini fomu. Wakala aliyejaza, aliyechapisha taarifa ya benki, aliyesema "hii niachie mimi", jina lake halimo. Kwa hiyo mwanafunzi awe na nenosiri la akaunti ya ombi lake, aisome fomu yote kabla ya kusaini, na aandikie chuo mwenyewe kupitia anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo kuuliza kama barua yake ni halali. Wakala anayekataa kukupa namba ya ombi lako hana sababu njema ya kukataa.

Afya na siku ya safari

Uingereza hudai kipimo cha kifua kikuu kwa wanaotoka nchi zilizoorodheshwa na watakaokaa zaidi ya miezi 6. Kifanyike kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi 6. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchomwa, hivyo kuchomwa siku tatu kabla ya safari hakusaidii kitu. Kadi ya zamani isitupwe: tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama juu yake pameandikwa miaka 10.

Nyaraka halisi zikae kwenye begi la mkononi: pasipoti, barua ya udahili au I-20, vyeti, taarifa za fedha, kadi ya chanjo, na cheti cha daktari kwa dawa unazotumia. Kila msimu kuna mwanafunzi anayesimama mbele ya afisa uhamiaji huku I-20 yake imo kwenye sanduku ambalo hawezi kulifikia mpaka apite hapo. Fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 Marekani hutangazwa forodhani, na kwenye Umoja wa Ulaya ni kuanzia yuro 10,000. Kutangaza hakutozwi, kuficha ndiko kunakonyang'anywa.

Ukifika, safari ya karatasi bado ina hatua. Marekani, angalia I-94, rekodi yako ya kuingia nchini, mtandaoni kuwa imeandikwa F-1, kisha ripoti kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, maana ina siku 30 tangu tarehe ya kuanza kukusajili kwenye SEVIS. Uingereza, ingia kwenye akaunti yako ya viza ya kidijitali ukague jina, tarehe na chuo. Ujerumani, sajili makazi ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, ukienda na fomu ya mwenye nyumba iliyosainiwa. Idhini ya malipo ya akaunti iliyozuiliwa mara nyingi husubiri usajili huo, kwa hiyo uwe na fedha za kukufikisha hapo.