Kodi ya gitaa ya kukatwa haikatwi na kiganja

Jumamosi mwanafunzi mpya alikuja kwangu Kondele, Kisumu, akachomeka gitaa kwenye amplifaya, akalaza kiganja cha kulia kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia, na kuanza kugonga: du-du-du. "Mwalimu, si hii ndiyo kodi ya kukatwa, ile staili ya miaka ya 1960?" Siyo. Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja, na ya kukatwa huzimwa ghafla. Kijana huyo ni wa nne mwaka huu, na wote wanne wamelitoa kwenye video. Nimechoka kulieleza kwa mmoja mmoja.

Kiganja kikilala kwenye daraja, unaziba nyuzi kabla hazijalia. Ule mlio wa juu unakufa, unabaki mshindo. Kodi ya kukatwa inataka kinyume: ianze wazi, ing'ae, kisha inyamaze ghafla. Wa kuinyamazisha ni mkono wa kushoto. Unabana, unapiga, unalegeza. Unalegeza, huinui! Kidole kikiondoka kabisa, uzi unabaki huru na unaendelea kulia. Kikibaki kimeugusa bila kuubana, unazimika. Msogeo wenyewe ni mdogo hivi kwamba aliyekaa upande wa pili wa chumba hauoni.

Halafu kuna mtego ambao video hazisemi. Ukigusa uzi kwa kidole kimoja tu karibu na freti (kijiti cha chuma kwenye shingo ya gitaa) ya 5, 7 au 12, hauzimiki, unatoa kimlio kama cha kengele. Kijana wangu alikuwa na kodi ya A ya baa, kidole kimoja kikibana nyuzi zote, kwenye freti ya 5, na baada ya kila pigo kengele hiyo ilisikika. Nilimwambia wakati wa kulegeza alaze pia kidole cha pete na cha mwisho, viguse nyuzi nyembamba. Uzi ukiguswa sehemu mbili au tatu hauna pa kulilia.

Kodi za C na G za wazi, zenye nyuzi zisizobanwa, achana nazo. Nyuzi usizozishika huwezi kuzizima kwa kushoto. Panda freti ya 5 kwenda juu, piga nyuzi tatu nyembamba, pigo la pili na la nne, pamoja na snea ya dramu. Mpiga gitaa Joe Messina alijenga kazi yake kwenye studio ya Motown, kule Detroit, juu ya mapigo hayo mawili. Mpiga gitaa Freddie Green alikaa na bendi ya jazi ya Count Basie tangu 1937 hadi alipofariki 1987, akipiga mapigo yote manne ya kila kipimo cha wimbo, na mara nyingi kinachosikika ni noti moja au mbili za kodi nzima.

Sisi wa Kisumu tumelelewa na benga, noti zinamiminika bila kupumua, na sifa zote zinakwenda kwa vidole vinavyokimbia. Anayekaa kimya nusu ya wimbo haonekani kama anafanya kazi. Mimi naona ndiye anayefanya ngumu kuliko wote.

Vitabu vinasema stakato, yaani noti iliyokatwa, ni nusu ya urefu wa noti. Kwa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni robo sekunde kwa kodi ya pigo moja. Kwenye chumba changu chenye zulia inakaa sawa. Harusini, chini ya paa la bati, mwangwi unajaza pengo lote na nalazimika kukata mapema zaidi. Kiasi gani, naamua kwa sikio, na usiku mwingine nakosea. Vilevile kuchelewa: mwaka 1965 mpiga gitaa Steve Cropper na mpiga dramu Al Jackson, pale studio ya Stax, Memphis, waliliburuta pigo la pili na la nne nyuma kidogo tu, likapata uzito. Najaribu hilo miaka mingi. Kuna siku linakaa, kuna siku bendi nzima inasikika imesinzia, na mkono wangu haujabadilisha chochote ninachoweza kukitaja.

Kijana alipolegeza sawasawa mara ya kwanza, aligeuka kuangalia amplifaya, akidhani imezimika. Nimempa A na D tu, wiki nzima.