Kadi ya gemu kwenye zamu ya usiku

Mtu akikuta kompyuta yangu inaunguruma usiku wa manane huku kioo kimezimwa, swali huwa lilelile: "Unachimba bitcoin?" Sichimbi kitu, wala silipwi hata senti. Kadi ya michoro ninayochezea gemu ya mpira jioni, usiku inapiga hesabu za mwendo wa atomu ndani ya protini kwa ajili ya Folding@home, mradi wa utafiti unaotumia kompyuta za watu wanaojitolea, ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2000.

Prosesa ya kawaida ni mafundi wachache hodari. Kadi ya michoro ni vibarua maelfu: mmojammoja si lolote, lakini wote huinama na kuinuka kwa pamoja. Iliundwa hivyo kwa sababu picha ya gemu ina mamilioni ya vidoti, na kila kidoti kinataka hesabu ya aina moja. Protini iliyozama majini haina tofauti kubwa. Ina atomu makumi ya maelfu, kila moja ikivutwa na kusukumwa na jirani zake. Unakokotoa nguvu zote, unasogeza kila atomu chembe tu, unarudia. Ukisogea femtosekunde mbili kwa hatua (femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni ya bilioni), utahitaji hatua milioni 500 ili uone kilichotokea ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Fundi peke yake atazeeka hapo.

Folding@home walianza na kadi za michoro za kampuni ya ATI mwaka 2006, kisha Machi 2007 Sony ikauingiza mradi kwenye PlayStation 3. Septemba mwaka huohuo mtandao ukavuka petaflopu moja, yaani hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde, na mzigo mkubwa ulibebwa na mashine hizo za sebuleni. Zilistaafishwa Novemba 2012, baada ya watu zaidi ya milioni 15 kushiriki. Mwaka 2020, korona ilipoingia, watu waliwasha kadi zao kwa wingi hadi seva za mradi zikakosa kazi za kugawa.

Ila si kila hesabu inaifaa kadi ya gemu. Mchezo hauhitaji zaidi ya tarakimu saba hivi za usahihi, kwa hiyo watengenezaji hubana uwezo wa kukokotoa kwa tarakimu 16: kwenye kadi nyingi za sasa kasi hushuka hadi 1/64 ya ile ya kawaida. Mradi wa MilkyWay@home, uliochora ramani ya nyota za galaksi yetu, ulitaka usahihi huo mkubwa. Ndiyo maana Radeon HD 7970, kadi kuukuu ambayo ilibanwa hadi 1/4 tu, iliziaibisha kadi mpya za bei mbaya. Kabla ya kununua, uliza kazi yenyewe inataka nini.

Sasa umeme. Kadi yangu, RTX 3060, hula hadi wati 170, yaani yuniti nne kwa siku ikikesha na kushinda. Hapa Dar, LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, haina huruma, na joto la mchana ni adhabu kwa feni. Nimeipunguzia kadi nguvu hadi asilimia 70. Kasi inapungua kidogo tu, na zamu ya usiku yenye urefu wa masaa manane inanigharimu takriban yuniti moja. Umeme ukikatika, programu huendelea kuanzia mahali ilipohifadhi mara ya mwisho.

Kinachowaponza wageni ni kiporo. Kifurushi cha kazi kinaanzia pale kilipoishia kilichotangulia, kwa hiyo ukikikalia siku tatu, mnyororo mzima unakusubiri wewe, hadi muda uishe seva impe mtu mwingine. Pointi za ziada ambazo mradi huwapa wanaorudisha kazi mapema ziliwekwa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana alfajiri sibonyezi kusitisha. Nabonyeza kumaliza, kadi inafunga kifurushi ilichonacho, inakituma, haichukui kingine. Siku nyingine chai inapoa nikiisubiri asilimia mbili za mwisho.